Wazee wa Tisini na Tisa

Kosa nililiona Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla chai yangu haijapoa. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa ameniletea jedwali lake la kwanza la kitabu cha wazee, limetoka kwenye printa bado lina joto, akasimama mbele ya meza yangu mikono nyuma kama mwanafunzi, ingawa mwenyewe alikuwa mwalimu. Nikatazama jumla ya chini: 5,977. Wazee waliohojiwa walikuwa 8,412. Pale pale nikajua wale wengine wako wapi, na nikajua nani kawaficha. Nikamrudishia karatasi yake.

"Hesabu haijatimia," nikamwambia. "Katafute."

Neno moja tu lingemtosha. Sikulisema. Watu wakiniuliza kwa nini, huwa nawajibu kwamba sikutaka, wanacheka wakidhani natania.

Mimi ndiye mkuu wa chumba cha majedwali katika ofisi ya takwimu. Wadadisi wanazunguka na madodoso, makarani wanaingiza majibu kwenye kompyuta, na sisi tunaiamuru programu iyapange majibu hayo kwenye safu na mistari mpaka kitabu kitoke. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Nyuma ya mgongo wangu wananiita Bi Jumla, wakidhani sijui. Nalijua, na nalipenda jina lenyewe.

Kosa lilikuwa hivi. Mtu asiyejua umri wake, mdadisi anamwandikia 99. Miaka kumi na miwili iliyopita, tulipotengeneza kitabu cha wanawake na uzazi, niliiagiza programu: ukikuta 99, huyo hana jibu, mtoe, tena usionyeshe kwamba umemtoa. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa hapendi kuona mstari wa "haijulikani" kwenye vitabu vyake. Agizo hilo nikaliweka ndani ya kiolezo, yaani lile faili tupu ambalo kila jedwali la ofisi yetu lazima lianzie hapo ili vitabu vyote vifanane sura. Kwenye kitabu cha wanawake hakuna aliyeumia. Waliotolewa hawakufika hata hamsini. Lakini mzee si binti. Bibi wa miaka themanini cheti cha kuzaliwa atakitoa wapi? Ukimuuliza alizaliwa lini, anakwambia mwaka wa nzige, na ukimuuliza nzige wa mwaka gani, anakuuliza kama umekuja kuhesabu nzige au watu. Mdadisi anaandika 99 anasonga mbele. Wazee wa tisini na tisa walikuwa 2,435, na kiolezo changu kiliwafagia wote bila kuacha hata unyayo.

Sasa nimseme mkwe wangu, maana najua mnangoja nimseme.

Alikuwa anafundisha hesabu katika shule ya bweni iliyo mbali, safari ya siku mbili. Mwanangu alimwoa, wakakaa miezi saba kila mtu kwake, wakionana kwa simu. Kisha ofisi yetu ikatangaza nafasi, akaomba bila kuniambia, akaitwa, akafaulu mtihani kuwapita wote. Akapewa miezi mitatu ya majaribio. Shule yake ilimwekea nafasi muda huo huo, wala si zaidi. Akifaulu, anabaki mjini na mumewe. Asipofaulu, anarudi bwenini kwenye kengele na vyumba vya watoto wa watu. Na sheria ya ofisi kwa mtu wa majaribio ni kavu: jedwali lako likirudishwa na Mkurugenzi mwenyewe, mkutanoni, mbele za watu, umekwisha.

Alihamia kwangu na sanduku moja. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na kuta nyembamba. Mwanangu ni wa pekee, baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na tangu hapo tulikuwa wawili: yeye akitoka hospitali anakotengeneza mashine ananikuta jikoni, ananihadithia siku yake yote tangu asubuhi, nani kagombana na nani, mashine gani imegoma. Mkwe wangu alipoingia, hadithi zile zikahamia upande wa pili wa ukuta. Mimi nachambua mchele, wao wanacheka. Sikumchukia kwa ubaya wake. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa kuwa mtu mbaya unaweza kumsema kwa majirani.

Nyumbani aliniita Mama. Ofisini aliniita Mkuu kama wengine, wala hakuwahi kuchanganya. Mimi nilimwita Mwalimu, hasa mbele za watu, na nikiona wamecheka namwita tena.

Basi alianza kutafuta. Jumanne alifuta vichujio vyote, akaendesha upya: 5,977. Akadhani programu imeharibika, akaomba iondolewe na kupakiwa upya, akakaa nusu siku akitazama mstari wa kijani ukijaa taratibu kwenye skrini. Ikafunguka mpya kabisa, akaingiza faili kupitia kiolezo, na jibu lilikuwa 5,977. Jumatano aligawa faili kata kwa kata ili aone ni kata ipi inayovuja. Zote zilikuwa zinavuja. Akatoa jedwali la umri peke yake. Asilimia zikajumlika mia moja bila ubishi, kwa sababu programu inahesabu mia ya wale iliowabakiza, wala haina haja ya kukwambia habari za iliowatupa.

Nilikuwa namtazama juu ya miwani yangu. Alifanya kila kitu kwa mpangilio, anaandika kwenye daftari alichojaribu na alichopata, saa na dakika. Kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningemsifu.

Chumbani mwetu alikuwamo pia mhakiki wetu wa chapa, mzee mmoja tunamwita Bwana Koma, kazi yake kutafuta nukta na mikato iliyokaa vibaya. Ndiye pekee aliyekuwapo wakati natengeneza kile kiolezo. Jumatano mchana mkwe wangu alipotoka, akasogea kwenye meza yangu.

"Mkuu, si ile 99?"

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto. Mwambie binti wa watu."

"Bwana Koma," nikamwambia, "kitabu cha shule za msingi kilichotoka na kichwa cha habari kimekosewa ukurasa wa kwanza, nani alikuwa mhakiki?"

Akajinyooshea kidole.

"Na nani alimwambia Mkurugenzi kwamba kosa ni la kiwanda cha chapa?"

"Ni wewe, Mkuu."

"Basi rudi kwenye mikato yako."

Akarudi. Watu wanasema nina roho ya korosho. Mimi nasema nina kumbukumbu nzuri, na ofisi ni mahali ambapo kumbukumbu ni silaha kuliko cheo.

Alhamisi asubuhi mkwe wangu alinijia mwenyewe. Alikuwa amelikaribia kosa, karibu mno. Aliweka daftari lake mezani kwangu akaligeuza ili nilisome.

"Mkuu, nimejaribu kila kitu kinachotoka kwangu. Kimebaki kitu kimoja ambacho si changu. Naomba nikuulize bila kukosa adabu. Kuna mahali kiolezo kinaficha watu?"

Hapo ndipo palikuwa mlango. Ningesema "ngoja nikitazame," tungecheka, ningelaumu uzee, yangeisha. Nikavua miwani.

"Mwalimu, kiolezo hicho kina miaka kumi na miwili. Kimetoa vitabu tisa. Wewe una miezi miwili na nusu. Kati yenu wawili, nani ana uwezekano wa kukosea?"

Chumba kizima kilicheka. Bwana Koma hakucheka, lakini hakuinua kichwa.

"Samahani, Mkuu."

"Kosa liko kwenye madodoso. Makarani wameingiza watu ambao hawapo, au madodoso yamepotea. Shuka stoo ukayahesabu."

"Yote?"

"Unataka nikuchagulie?"

Stoo yetu iko chini ya ngazi, haina dirisha, ina maboksi hadi darini. Alihesabu Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, peke yake, amejifunga kitambaa puani, akiweka alama za vijiti vitano vitano. Akipanda juu kunywa maji kope zake zina vumbi na anakohoa. Jumamosi jioni akaniletea jibu: madodoso 8,412, hakuna hata moja lililopungua.

"Rudia," nikamwambia.

Jumapili mchana tukiwa mezani alilia. Hakulia kwa fujo. Aliacha kula, machozi yakamwagika tu, akayafuta na mgongo wa mkono. "Sijawahi kushindwa na hesabu," akasema. "Watu elfu mbili na mia nne na thelathini na tano. Nimewashika mikononi mwangu, nimeona majina yao. Nikiwaweka kwenye mashine wanapotea." Mwanangu akamshika bega, akanigeukia.

"Mama, msaidie basi. Wewe si ndiye bingwa wao?"

"Namsaidia," nikasema. "Mtoto hajifunzi kutembea akiwa mgongoni."

Nikajiongezea mboga. Nakumbuka nilikula vizuri siku ile.

Wiki ya pili alirudia kuhesabu kama nilivyomwagiza, akapata yale yale. Alhamisi jioni akaja na jedwali la mwisho, na chini yake tanbihi aliyoiandika mwenyewe: *Wazee 2,435 waliohojiwa hawaonekani katika jedwali hili. Sababu haijajulikana.* Akaniuliza kama iachwe.

Hakuna mtu mwenye akili za ofisi anayeandika hivyo. Wengine wangebadilisha jumla kwenye jalada, wakaandika 5,977 kote, na kitabu kingechapwa watu wakapongezana. Yeye aliandika ukweli na kuupigia mstari.

"Ni ukweli?" nikamuuliza.

"Ni ukweli, Mkuu."

"Basi uache."

Sikutia saini yangu. Nilimwambia mtu wa majaribio husimama na kazi yake mwenyewe, na akaniamini, kama alivyoniamini yote mengine.

Mkutano ulikuwa Ijumaa saa nne asubuhi. Meza ndefu, viti kumi na vinne, jedwali likaonyeshwa ukutani. Mkurugenzi wetu ni mtu wa maneno machache, na machache hayo yana miiba. Alisoma kichwa: wazee kwa umri, kata, na kama wanaweza kufika zahanati kwa miguu yao. Akasoma kwamba wasioweza ni kumi na mmoja tu katika kila mia, akafurahi. Kisha akashuka hadi kwenye tanbihi, akaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Sababu haijajulikana," akasema. "Katika kitabu cha takwimu. Wananchi elfu mbili na ushee wametoroka, na sisi tunawatangazia wasomaji wetu kwamba hatujui walikokimbilia. Wazee hawa, ambao wanatembea vizuri sana, labda wametembea wakaenda zao?"

Wakacheka wote. Mkwe wangu alisimama wima akicheka kidogo na yeye, jinsi mtu anavyocheka anapochekwa.

"Nani alitengeneza hili?"

"Ni mimi, Mkurugenzi."

"Mkuu wako alikusaidia?"

Nikashika kalamu yangu. Alikuwa na daftari lenye siku na saa, ukurasa wa Alhamisi alipouliza habari za kiolezo. Angelifungua. Hakulifungua.

"Mkuu alinielekeza. Kushindwa ni kwangu."

Mkurugenzi akairudisha karatasi, akaisukuma juu ya meza ile ndefu mpaka ikamfikia. Kila mtu alijua maana yake. Kisha akanigeukia mimi. "Bi Mkuu, kitabu kinakwenda kiwandani leo. Utaweza?"

Nikaenda kwenye kompyuta iliyounganishwa na ukuta. Nikafungua kiolezo, nikaingia kwenye maagizo ya ndani, ukurasa ambao watu wengi hawajui kwamba upo, nikaufuta mstari mmoja. Nikaendesha jedwali. 8,412. Wasioweza kufika zahanati wakapanda hadi karibu thelathini na wawili katika mia. Mtu wa mwisho wa meza akatazama saa yake akasema, "Dakika nne!" Wakanipigia makofi. Mkurugenzi mwenyewe alipiga, mara tatu.

Mkwe wangu alikuwa anatazama ukutani, si mimi. Nikadhani anazitazama zile namba.

Nilirudi nyumbani moyo mwepesi, sifichi. Nilipita sokoni, nikachagua samaki. Mkwe wangu aliporudi na mumewe kutoka kukabidhi funguo za ofisi alinisalimia, "Shikamoo, Mama," akaingia chumbani kufunga nguo zake. Basi la kwanza lilikuwa alfajiri. Mwanangu akaketi mezani nami, amechoka, macho yamemwingia ndani. Nilimwonea huruma. Nikajisemea, itampita, wiki mbili tatu, halafu tutarudi kama zamani.

"Amenihadithia," akasema. "Anakusifu sana, Mama. Anasema hajawahi kuona mtu anaijua programu kama wewe. Anasema uliingia mahali ambapo yeye hakujua kuna mahali."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Miaka ishirini na mbili sifa zangu zote zilitoka kwenye mdomo ule, na kwa miezi miwili na nusu zilikuwa zimekatika. Nikasikia joto kifuani.

"Dakika nne zenyewe nyingi," nikasema. "Mimi nililijua tangu Jumatatu ile ya kwanza, nilipotupia jicho tu ile jumla."

Akaacha kula.

"Jumatatu ipi?"

Ningeweza kusema ya wiki hii. Ningeweza kusema natania. Lakini nilikuwa nimejaa, na mtu aliyejaa hafungi mdomo.

"Ya kwanza. Alipoleta karatasi. Ni ile 99. Jicho langu halikosei, wewe unanijua."

"Jumapili alipolia hapa," akasema polepole, "ulikuwa unajua?"

"Kazi haifundishwi kwa kumwonea mtu huruma."

"Nimekuuliza ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na shuka aliyokuwa anaikunja. Sijui alisikia tangu wapi. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo, maana hasira mimi naiweza.

"Leo pale ukutani niliona ule mstari kabla hujaufuta, Mama," akasema. "Una jina lako na tarehe ya miaka ile. Nikajisemea amesahau. Miaka kumi na miwili, nani asingesahau? Njia nzima nimemwambia mume wangu asikulaumu, umri unakwenda, mama amesahau tu." Akamalizia kukunja shuka, pembe kwa pembe. "Kumbe hukusahau."

Nikachomoa mwiba kwenye samaki wangu.

Mwanangu aliinuka. Nilingoja apige kelele, nilikuwa tayari kulia ili anyamaze. Hakupiga. Alinawa mikono, akaifuta vizuri kidole kwa kidole, akaingia kwenye chumba chake cha tangu utoto, na baada ya muda akatoka na sanduku lake la nguo akaliweka kando ya lile la mkewe.

"Na hospitali?" nikamuuliza. "Na mashine zako?"

"Hospitali ziko kila mahali, Mama."

"Utaniacha kwa sababu ya jedwali?"

Alinitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu, kisha akaacha kutafuta. "Kula, samaki wako anapoa," akasema, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionimaliza.

Alfajiri waliniaga kwa adabu zote. Mkwe wangu alinipa mkono wa kwaheri akauinamia. Niliumia, nasema wazi, niliumia kiasi cha kushika fremu ya mlango. Lakini nikiwa nimesimama pale, samahani haikunijia. Nilichotaka kumwambia yule binti ni kwamba katika miaka yangu ishirini na sita sijawahi kufundisha mtu aliyekuwa anahesabu safi kuliko yeye, mimi mwenyewe nikiwamo. Neno lilifika kwenye ulimi. Nikamwambia afunge geti vizuri.